Alama Iliyoinuka Chini ya Shingo ya Ndege

Mpendwa Papa Mapendo,

Nakuandikia hapa hapa kibandani, juu ya meza yako ile yenye mguu mmoja mfupi ambao uliahidi kuutengeneza tangu siku tulipofungua. Bado naukingia jiwe. Anwani yako siijui, kwa hiyo barua hii naiacha wazi, asomaye na asome, hata wale nisiopenda waisome. Jumatatu alikuja mtu kununua kiberiti, akaniachia sarafu ya mia tano, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nitakueleza ilivyokuwa. Ila nitaanza mbali, kwa sababu unanijua, mimi ni mtu wa kuzunguka.

Unakumbuka tulivyotoka Uvira, kule Kongo, mwaka 1996? Wenzetu walibeba magodoro na sufuria. Wewe ulibeba bisibisi zako ndogo na lupu, kile kioo cha kubana jichoni cha mafundi saa, umekisokomeza ndani ya soksi. Nilikusema njia nzima. Mapendo alikuwa mgongoni mwangu ana homa, mvua inanyesha, na mume wangu anachechemea kwa ajili ya kioo.

"Tutakula lupu?" nilikuuliza.

"Acha nayo, Mama Mapendo," ukasema. "Hii itakuya kutukulisha."

Na kweli ilitulisha. Miaka ile ya kwanza hapa kambini Nakivale, kabla hata paa letu la turubai halijapata bati, ulikuwa umeshaweka meza sokoni, na watu walikuletea saa kutoka Juru na Rubondo, pande nyingine za kambi, na wengine kutoka mjini Mbarara. Mimi nilikaa pembeni yako na sabuni zangu na chumvi, nikikuangalia ukiinama. Nilipenda kisogo chako. Sikukuambia wakati ule kwa sababu ungeanza kujisikia.

Hapo ndipo nilipoijua alama yako. Ukishaiponya saa ya mtu, kabla ya kurudisha mfuniko, ulichukua bisibisi nyembamba kuliko zote ukakwaruza kwa ndani herufi M, M ya Mapendo, yenye kimkia upande wa kulia. Ulinieleza kwamba mafundi saa wote wana alama zao, na mwenye saa haioni maisha yake yote; anayeiona ni fundi mwingine atakayefungua. Na saa ikishindikana kabisa, ulikata mstari juu ya ile M. Maana yake ilikuwa, nimejaribu, haiponi, usimlipishe huyu mtu bure. Isifunguliwe tena.

Mara moja tu nilikuona ukiuvunja mstari wako mwenyewe. Alikuja yule mwanamke wa kambi ya jeshi ya Makenke, mke wa askari, na saa uliyokuwa umeikata mstari miezi ya nyuma.

"Mzee, fungua tena," alisema.

"Mama, hii nilisha kuitia mustari. Imekufa."

"Bwana yangu ndiyo amekufa. Hii saa ilikuwa kwa mkono yake. Mimi hapana taka kuvaa. Mimi nataka isikike tu."

Uliifungua. Wiki nzima ulikaa nayo, wateja wengine wakinuna, na siku ilipoanza kutikatika ulitoka nje ukajifuta macho ukasingizia vumbi. Kisha ukaandika ndani yake M ya pili, kando ya ile iliyokatwa. Mama yule aliishikilia sikioni mpaka akapotelea barabarani. Kumbuka saa ile, nitairudia.

Baadaye simu ziliingia na saa zikaanza kuisha mikononi mwa watu. Ulikaa siku nzima bila mteja, na wewe mikono yako haiwezi kukaa bure, basi ukaanza kuchungulia sarafu zangu za chenji. Ng'ombe wa shilingi mia, samaki wa mia mbili, ndege mwenye taji wa mia tano. Nilidhani akili imeanza kukutoka. Kumbe kule Uvira, mzungu mmoja aliyekuwa akikuletea saa zake alikuwa akikusanya sarafu zenye makosa ya kiwandani, na alikufundisha kuzitambua, na wewe ulikaa na elimu hiyo miaka yote bila kuniambia. Ndivyo ulivyo. Mtu anaweza kulala nawe kitanda kimoja na asijue una nini kichwani.

Ulinifundisha mchana mmoja wa kiangazi, vumbi limejaa mpaka kwenye meno. Ulinibania lupu jichoni ukaniwekea ng'ombe mbele yangu.

"Angalia hii mustari ku shingo. Pitisha ukucha. Inazama ao inainuka?"

"Inainuka."

"Basi ilizaliwa nayo. Kama ingezama, njo batu balimuumiza huku inje."

Nikakuuliza inakuwaje mstari uinuke, nani anaongeza chuma juu ya chuma. Ukacheka, ukanieleza taratibu jinsi sarafu inavyogongwa kwa muhuri wa chuma kigumu.

"Muhuri njo mama. Mama akipasuka, ule ufa unajaa chuma, mutoto anatoka na mustari yenye kuinuka. Na bandugu yake bote bako nayo, fasi moja, palepale. Mama akizeeka, batoto bote banatoka na sura ya kuchoka, herufi zimelala. Ile haiko kosa ya mutoto, haiko na bei. Ni uzee ya mama tu."

"Na jeraha?"

"Kidonda ni ya muntu mumoja. Hauwezi pata batu mbili benye kidonda moja, fasi moja."

Haya matatu, kuzaliwa, uzee wa mama na kidonda, niliyashika upesi kuliko ulivyotarajia. Nikajua hata ile iliyomegwa. Kama kipande kilikuwa pungufu tangu hakijagongwa, ukingo wa upande wa pili nao hufifia. Kama mtu amekata na tupa, ukingo wa pili ni mzima kabisa. Ukanionyesha pia kubonyeza sarafu kwenye kipande cha sabuni. Kilichoinuka huacha mfereji, kilichozama huacha tuta, na sabuni haina ubishi. Nililalamika kwamba unaniharibia mali, lakini jioni hiyo nilibonyeza sabuni mbili zaidi ukiwa hujaangalia.

Habari zikaenea kwamba fundi saa wa Base Camp, mtaa wetu huu wa kambini, ananunua sarafu zenye kasoro. Mungu wangu, siku zile! Walikuja na zilizokanyagwa na lori, zilizotobolewa kwa mkufu, zilizoungua ndani ya pasi ya mkaa. Yule mchungaji wa ng'ombe wa Rugaaga alikuletea sarafu ya ng'ombe asiye na pembe moja, ameifunga kwenye kitambaa kama dawa.

"Ssebo, bwana, hii ilizaliwa hivi. Mimi nachunga ng'ombe tangu mtoto, mimi najua."

"Mutu wangu," ukamwambia kwa upole, "huyu ngombe balimukata pembe na jiwe. Juzi tu. Bado analia."

Akanuna, halafu akacheka yeye mwenyewe, kwa sababu jiwe lilikuwa lake. Tulicheka hivyo karibu msimu mzima. Nauandika msimu ule ili nijikumbushe kwamba ulikuwepo, maana baada yake sikumbuki tena tukicheka wote watatu, wewe, mimi na Mapendo.

Kisha akaja Kasitoma. Jina lake la kweli sikulijua. Ulimwita hivyo kwa sababu yeye alimwita kila mtu kasitoma, yaani mteja. Alitoka Mbarara, ana karakana ya kuchomelea milango nyuma ya barabara kuu, na alisema anawapelekea wazungu wa Kampala sarafu zenye makosa. Mimi sikumpenda. Wewe uliniuliza sababu nikakosa ya kukupa, zaidi ya viatu vyake. Mtu anafika Nakivale kiangazi, anatembea sokoni kutwa, na viatu vyake vinang'aa. Nilikuwa nikimtazama miguuni kila alipokuja, na kila mara nilisikia ubaridi.

Jumapili moja aliingia kanisani kwetu, akakaa benchi la nyuma, na mchungaji alipouliza kama kuna mgeni, akasimama akasema ameokoka. Kwaya ikamwimbia. Wewe ulikwenda kumkumbatia. Kuanzia hapo hukumwita tena Kasitoma, ulimwita ndugu, na kwetu sisi neno hilo halirudishwi ovyo.

Unakumbuka sarafu yako ya kulinganishia, ile mia tano safi yenye kila nyoya la ndege? Asubuhi moja bisibisi iliteleza mkononi mwako ikaitoboa chini ya shingo ya ndege, kijishimo kidogo kama punje ya ulezi. Ulipiga kelele kama umechoma nyama yako. Nilikuambia ni chuma tu. Kasitoma alikuwa amekaa kwenye stuli yetu, akaiokota, akaigeuzageuza kwenye jua.

"Kasitoma, hii bado nzuri sana. Nipe kidogo tu. Mimi naenda kuonyesha watu namna ile mzuri iko."

Ukampa. Iliporudi baada ya majuma kadhaa ilikuwa na mafuta mafuta, na ukingo wake umeng'ara kwa namna nisiyoipenda. Nilikuonyesha. Ukasema ameisafisha kwa heshima.

Halafu siku ya mgao wa chakula, soko limefurika, mteja akanilipa mia tano, nikaibana chini ya lupu kwa mazoea tu. Chini ya shingo ya ndege palikuwa na kijishimo kama punje ya ulezi. Nikadhani umeipoteza sarafu yako. Nikafungua boksi lako, nikaikuta imelala humo, na kijishimo chake. Nikakaa. Nikapekua chenji ya asubuhi nikapata nyingine. Na nyingine.

Nilizipanga mbele yako. Ulizitazama moja moja, ukatoa lupu, ukaifuta, ukaitazama mikono yako.

"Kidonda ni ya muntu mumoja," ukasema polepole.

"Najua. Ulinifundisha."

"Hii ni bisibisi yangu. Balichukua ile yangu, bakafanya nayo mama."

Sijapata kuona uso wako ukiwa hivyo, hata kule njiani na mabomu yakianguka. Sarafu zote hizo za uongo zilikuwa zimebeba kosa la mkono wako, na wewe ulilibeba kana kwamba umezigonga mwenyewe. Haikupita muda, wachuuzi wa Kaberebere, mji wa jirani, wakaanza kuzikataa sarafu za watu wa kambini. Jirani yetu, yule mama anayeuza mihogo, alirudi kutoka mnadani kule na jicho limevimba na beseni lake limepasuliwa. Walimwambia wakimbizi wanafyatua pesa. Uliangalia lile jicho lake muda mrefu. Nikajua utafanya kitu, na nikaanza kuogopa.

Nilikuambia twende polisi wote wawili. Nilikuambia twende kwa mchungaji. Ulikataa, na ulikataa kwa upole, ambao ni ukaidi wako mbaya kuliko wote.

"Eko ndugu mu kanisa. Sheria yetu unaijua. Kwanza ye na miye tu, bawili. Akikataa, njo nirudi na mashahidi. Siwezi peleka ndugu ku polisi mbele ya kumuambia mu macho."

"Huyo hana ndugu, Papa Mapendo. Angalia viatu vyake!"

"Viatu haviokoke," ukasema, ukatabasamu, na kwa mara ya kwanza utani wako haukunichekesha.

Uliondoka asubuhi umevaa shati la Jumapili. Lupu uliiacha mezani. Nilikukimbilia nayo nikidhani umesahau, ukanifumba vidole juu yake. "Mangaribi nitakuwa hapa," ulisema. Nilipika sombe, majani yale ya muhogo, kwa mawese, nikaifunika, na ilipopoa nikaipasha, na ilipopoa tena sikuipasha.

Hukurudi, nikakufuata Mbarara. Karakana niliikuta imefungwa, kufuli jipya, na ndani hakuna hata kipande cha bati. Majirani zake walijifanya hawanisikii Kiswahili changu. Nilikokwenda kuuliza, nyuma ya madirisha mengi ya polisi na ya ofisi, waliniambia wanaume wa Kongo hurudi Kongo, au hupata mke mjini. Mmoja aliniuliza kama tuligombana. Nilimjibu kwamba ndiyo, tuligombana juu ya mguu wa meza, lakini mtu haachi mke kwa mguu wa meza. Nilitoka pale nikalia kando ya barabara ya Mbarara, mchana kweupe, watu wanapita.

Mwaka ukapita na nusu ya mwingine. Sarafu zenye kijishimo zikapungua, na mimi nikaendelea kubana lupu jichoni kila jioni kabla ya kufunga, kwa sababu ndiyo kazi pekee tuliyokuwa tukifanya pamoja. Ndipo ikanijia mia tano mpya yenye uzito usio sawa. Nikatazama chini ya shingo ya ndege. Palipokuwa na kijishimo palikuwa pamelainishwa kwa ustadi, na kando yake, ndogo kiasi cha kupotea, palikuwa na M.

Nikapitisha ukucha. Imeinuka. Lakini mkia wake ulikuwa kushoto, si kulia, na hilo lilinichanganya mpaka nilipokumbuka sabuni. Niliibonyeza kwenye kipande cha sabuni ya bluu, nikaitoa taratibu, na pale kwenye sabuni mkia ulirudi kulia, mfereji mwembamba, mkono wako mtupu, kama ndani ya saa. Hakuna mtu aliyeikwaruza sarafu ile sokoni. Ilikwaruzwa kwenye muhuri. Ulikuwa mzima, Papa Mapendo, mahali fulani umeinama juu ya mama yao, wanakutumia mkono, na ulipopata nafasi ulinikwaruzia jina la mtoto wetu.

Nilimwambia Mapendo peke yake. Tulishikana mikono hapa hapa chini ya meza tukaogopa hata kulia. Kwenda polisi kulikuwa kusema mume wangu ndiye anayechonga pesa za uongo, na ushahidi ni alama yake mwenyewe. Kunyamaza kulikuwa kukuacha huko. Nilinyamaza, nikawa nasoma. Kila sarafu yako niliyoipata sikuipitisha kwa mtu. Ziko kwenye kopo la maziwa, jirani yule wa mihogo asipigwe tena kwa ajili yetu.

Na kusoma kwenyewe kulikuwa mateso. M ilianza kali, baadaye ikalainika, baadaye ikalala, na manyoya ya ndege yakalala nayo. Kwa mwingine hiyo ni sarafu iliyochakaa. Mimi nilijua si sarafu iliyochoka, ni mama anazeeka, na akizeeka kabisa watatengeneza mwingine, na huyo mwingine atanieleza kama bado uko. Nilisubiri hivyo msimu hata msimu. Alipokuja mpya, mkali, na M yake chini ya shingo, Jumapili ile niliimba mpaka mwalimu wa kwaya akanigeukia. Wakaja wengine baada yake. Kila mama mpya alikuwa barua yako.

Nitakuambia pia lile linaloniuma, kwa sababu mke hafichi. Nyakati nyingine nilijiuliza kama bado umefungwa, au umezoea. Kama wanakupa chai na kiti kizuri, na wewe umepata tena kazi ya mikono. Nilijichukia kwa wazo hilo, kisha likarudi. Ukija uniambie mwenyewe, na mimi nitakuamini hata kabla hujamaliza.

Sasa Jumatatu. Mwanaume, simjui, si mzee. Akaomba kiberiti, akaweka mia tano juu ya meza, akaisukuma kwa kidole mpaka mbele yangu. Nikaanza kutafuta chenji.

"Hapana rudisha," akasema. "Angalia hiyo vizuri, mama. Wewe uko na kile kioo."

Tangu ulipoondoka hakuna mtu wa nje anayejua kwamba bado natumia lupu. Naitoa nikishashusha turubai. Nilitazama chini nione miguu yake. Viatu vilikuwa safi. Hakukichukua hata hicho kiberiti, akaenda zake kwenye njia ya Kaberebere bila kugeuka.

Sikuigusa mpaka mchana, jua lilipokuwa juu kabisa, kwa sababu ulinifundisha kwamba kivuli hudanganya. Ilikuwa mpya, kila nyoya limesimama. M ilikuwepo. Na juu ya M palikuwa na mstari.

Niliomba, Papa Mapendo. Niliomba uwe mkwaruzo. Sijawahi kuomba sarafu iwe imeharibika. Nikaiosha kwa sabuni nikidhani ni uzi au uchafu, ukabaki. Nikapitisha ukucha nikitaka ukwame, haukukwama, ukaruka juu yake. Nikajiambia basi ni ufa, mama yao amepasuka. Lakini ufa huanzia ukingoni na hutangatanga kama mlevi, na huu ulianza hapa na kuishia hapa, umenyooka, umekata M yangu katikati na hauna shughuli na kitu kingine. Mwishowe nikaibonyeza kwenye sabuni. Mkia ulikuwa kulia. Mstari ulitoka chini kushoto ukapanda juu kulia, kama unavyoukata siku zote.

Haiponi. Isifunguliwe tena.

Sijui kama uliukata kwa hiari ili nikuache nipone, au walikushika mkono, au ulitumia nafasi yako ya mwisho. Ninachojua ni kwamba wamegundua tunaongea, na wamenitumia wewe ukiniambia ninyamaze. Mapendo alinikuta nimeshika sabuni ile. Amekuwa mtu mzima sasa, ana taya lako.

"Mama, usiende," akasema kabla sijasema chochote. "Banataka uende, bakukamate. Njo maana balituma ule muntu."

"Najua."

"Papa mwenyewe anakuambia uache."

"Papa wako aliwahi kuikata mstari saa ya mama wa Makenke," nikamwambia, "halafu akaifungua."

Akaichukua lupu mkononi mwangu akaibana jichoni, na alipoitazama sarafu nilimwona akijiuma mdomo. Nimemwachia lupu, kama ulivyoniachia mimi. Kesho naenda Mbarara, na sitakwenda kwa huyo ndugu wa kanisani peke yangu kama ulivyokwenda wewe, bawili tu; nimeshamweleza mchungaji kila kitu, na jirani wa mihogo anakuja nami, na kopo la maziwa tutalifungua mbele ya yeyote atakayekubali kutusikiliza. Polisi wakikukuta na kukufunga, utafungwa mahali ninapoweza kukuletea sombe. Naogopa sana. Sijui tutarudi vipi, au kama tutarudi.

Kitu kimoja zaidi. Usiku huu sitalala, basi nimechukua bisibisi yako nyembamba na mia tano za kweli kutoka kwenye mauzo yangu, sizitaki za kwenu, siwezi kumdanganya mtu. Chini ya shingo ya kila ndege nimekwaruza M yenye mkia kulia, nikaikata mstari, na kando yake M ya pili, kama ndani ya saa ya mama wa Makenke. Nitazitumia kesho sokoni Mbarara, kwenye chai, kwenye chumvi, kila mahali. Huenda moja itafika kwenye mifuko yao, na kutoka mifuko yao ifike kwenye meza yako. Yangu haiwezi kuinuka, mimi sina muhuri, nina sarafu tu. Ukiiona, pitisha ukucha. Utakwama. Hicho ni kidonda, mume wangu, cha mtu mmoja, na unamjua.

Mkeo, ambaye bado anaukingia jiwe mguu wa meza,

Mama Mapendo